Bryce Young apewe mzigo au asubiri? Carolina yagawanyika

Carolina Panthers walikuwa mbele kwa pointi 31-27. Dakika zilikuwa zinayoyoma, mashabiki wa Charlotte wote wamesimama, na kwotabeki wao Bryce Young ndiye aliyetoka kumpa Jalen Coker pasi iliyowaweka kifua mbele. Los Angeles Rams, timu iliyopewa nafasi kubwa ya kushinda, ilikuwa inaning'inia. Kisha mkongwe Matthew Stafford akaipandisha Rams uwanja mzima na kumpata Colby Parkinson zikiwa zimebaki sekunde 38. Rams 34, Panthers 31. Msimu ukaishia hapo.

Hiyo ilikuwa Jumamosi ya Januari 10. Saa chache baadaye, mjini Chicago, Bears walikuwa nyuma dhidi ya Green Bay Packers. Kwotabeki Caleb Williams akarusha pasi ya yadi 25, DJ Moore akaidaka, Bears wakashinda 31-27.

Kwa mtu asiyefuatilia futiboli ya Marekani, hizo ni mechi mbili tofauti. Kwa shabiki wa Carolina ni kidonda kimoja. Moore alikuwa mchezaji wao. Nafasi iliyotumika kumchukua Williams nayo ilikuwa yao. Vyote viwili walivitoa ili wampate Young.

Ndiyo maana wiki hii Carolina haikaliki. Timu imefika hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu msimu wa 2017, jambo ambalo mwaka mmoja uliopita lingeonekana ndoto, lakini badala ya kupongezana mashabiki wanabishana. Je, Young ndiye mtu wa kujengea timu? Au ni dogo wa kawaida aliyebebwa na wapokeaji wapya?

IPO HIVI
Katika futiboli ya Marekani, kwotabeki ndiye anayeanzisha karibu kila shambulizi. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ikifaulu, inapewa mengine manne. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Kila jaribio linapoanza, kwotabeki anapewa mpira akiwa nyuma ya ukuta wa wenzake watano wanaomkinga, na ana kama sekunde mbili au tatu kuamua: arushe kwa nani, akimbie nao au autupe nje.

Wapokeaji ndio wanaokimbia mbele kudaka pasi hizo. Mpokeaji akidaka akiwa ndani ya eneo la mwisho la wapinzani, hiyo ni tachidauni, pointi sita. Beki wa upande wa pili akiinasa, imekula kwako.

Sasa hapo ndipo ubishi unapoanzia. Pasi ina watu wawili. Kwotabeki anaweza kuiweka mahali sahihi na mpokeaji akaiangusha. Mpokeaji anaweza kuwa peke yake kabisa na kwotabeki asimwone. Kwenye karatasi ya takwimu vyote viwili vinaandikwa kitu kimoja: pasi haikufika.

BIASHARA YA 2023
Ligi ya NFL ina utaratibu wa drafti, ambapo kila mwaka timu zinachagua vijana kutoka vyuo vikuu na aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita anaanza kuchagua. Machi 2023, Carolina walikuwa na chaguo la 9. Wakalitaka la 1, lililokuwa mikononi mwa Chicago Bears.

Bei ilikuwa kubwa. Walitoa chaguo la 9 na la 61 la mwaka huo, chaguo lao la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu yake wakamtoa Moore, mpokeaji wao bora kuliko wote.

Wakamchukua Young kutoka Chuo Kikuu cha Alabama, mshindi wa tuzo ya Heisman ya 2021, tuzo kubwa kuliko zote kwa wachezaji wa vyuo. Chaguo la 2 likaenda Houston Texans, wakamchukua C.J. Stroud. Msimu huo huo wa kwanza Stroud akaipeleka Houston kwenye mtoano na kubeba tuzo ya chipukizi bora wa ushambuliaji.

Carolina walishinda mechi 2 na kupoteza 15. Walikuwa wa mwisho ligi nzima, maana yake lile chaguo la 2024 walilouza likageuka kuwa la 1, na Bears wakalitumia kumchukua Williams. Lile la raundi ya pili la 2025 wakamchukulia mpokeaji Luther Burden. Yaani kila Carolina walipofanya vibaya, Chicago walivuna.

Hii ndiyo sababu mjadala wa Young hauwezi kuwa wa kawaida. Mashabiki hawampimi kwa alichofanya tu. Wanampima kwa kilichotolewa ili aje.

MTOTO ALIYETUPWA BAHARINI
Young si mrefu. Ana futi 5 na inchi 10, kama sentimita 178, kimo kidogo kwa kazi ya kurusha mpira juu ya vichwa vya majitu. Hilo lilijulikana kabla hajachaguliwa. Waliomtaka walisema akili yake ya mchezo na utulivu wake vitafidia.

Lakini utulivu unahitaji muda, na muda hakuwa nao. Msimu wake wa kwanza aliangushwa chini mpira ukiwa mkononi mara 62. Alitupa tachidauni 11, na pasi 10 zikanaswa na wapinzani. Kocha Frank Reich, aliyeletwa mahususi kumlea, alitimuliwa baada ya mechi 11 tu.

Nani alikuwa anadaka? Baada ya Moore kuondoka, mzigo ulimwangukia Adam Thielen, mzee wa miaka 33, aliyedaka pasi 103 msimu ule. Nyuma yake palikuwa na pengo. Jonathan Mingo, aliyechaguliwa raundi ya pili mwaka huo huo ili akue pamoja na Young, hakukua. Novemba 2024 aliuzwa Dallas Cowboys.

Mwaka 2024 akaja kocha mpya, Dave Canales, na mpokeaji Diontae Johnson kutoka Pittsburgh. Mechi mbili za kwanza Carolina walipigwa 47-10 na 26-3. Canales akamweka Young benchi na kumpa nafasi mkongwe Andy Dalton. Kwa kijana aliyechaguliwa namba moja miezi 17 kabla, hiyo ni aibu ambayo wengi hawaamki nayo tena. Johnson naye alidumu nusu msimu tu, akauzwa Baltimore.

Kilichomrudisha Young ni bahati mbaya ya mwenzake. Dalton alipata ajali ya gari Oktoba, akaumia kidole gumba, na dogo akarudi uwanjani kwa sababu hapakuwa na mwingine. Aliyerudi hakuwa yule wa mwanzo. Alianza kusimama, kusubiri, kurusha mbali. Alimaliza msimu kwa kuichapa Atlanta Falcons 44-38 katika muda wa nyongeza, akihusika na tachidauni tano: tatu za pasi na mbili za miguu yake mwenyewe.

MIKONO INAPOTELEZA
Kambi inayomtetea Young ina mechi moja inayoitaja kila mara. Desemba 2024, ugenini Philadelphia dhidi ya Eagles, timu iliyokwenda kutwaa Super Bowl msimu huo. Carolina walikuwa nyuma 22-16 na sekunde zinaisha. Young akamrushia Xavier Legette mpira mrefu uliofika mikononi karibu kabisa na mstari. Legette akaanguka nao, ukamponyoka. Mechi ikaisha.

Legette alikuwa chaguo la raundi ya kwanza la 2024, la 32. Angedaka, leo watu wangekuwa wanasimulia siku ambayo Young aliiangusha Eagles kwao. Hakudaka, na kwenye takwimu ikabaki pasi iliyokufa.

Hoja ya kambi hii ni nyepesi kueleweka: huwezi kumnyima mpishi mkaa kisha ukalalamika chakula hakijaiva. Na wana ushahidi wa kilichotokea mkaa ulipoletwa.

Aprili 2025, Carolina wakiwa na chaguo la 8, walimchukua mpokeaji Tetairoa McMillan kutoka Chuo Kikuu cha Arizona, jamaa mwenye urefu wa zaidi ya mita 1.9. Wakati ule mashabiki wengi walikasirika. Timu ilikuwa imetoka kuruhusu pointi 534 msimu wa 2024, nyingi kuliko timu yoyote katika historia ya NFL kwa msimu mmoja. Watu walitaka mchezaji wa kuzuia. Mabosi wakaleta wa kudaka.

Agosti wakaenda mbali zaidi. Walimrudisha mzee Thielen Minnesota Vikings, timu yake ya zamani. Ujumbe ulikuwa wazi: safu ya wapokeaji ni ya vijana, na Young ndiye atakayewaongoza.

McMillan akajibu kwa vitendo. Alidaka pasi 70, yadi 1,014, tachidauni 7, katika msimu wake wa kwanza. Naye Coker, ambaye mwaka 2024 hakuchaguliwa na timu hata moja kwenye drafti baada ya kutoka chuo kidogo cha Holy Cross, alimaliza msimu kwa kudaka pasi 9 za yadi 134 mbele ya Rams kwenye mechi ya mtoano.

Young mwenyewe? Tachidauni za pasi zimepanda kutoka 11 hadi 15 hadi 23. Pasi zilizonaswa ni 10, 9 na 11. Anapanda, hilo halina ubishi.

LAKINI NGOJA KWANZA
Kambi ya pili nayo haina mdomo mtupu.

Hawa wanauliza swali moja: Young yupi atakuja Jumapili? Novemba 16, Atlanta, aliumia kifundo cha mguu mapema, akarudi, akarusha yadi 448. Hakuna kwotabeki wa Panthers aliyewahi kufanya hivyo kwa mechi moja. Rekodi ya zamani ya yadi 432 ilikuwa ya Cam Newton tangu 2011. Carolina wakashinda 30-27 katika muda wa nyongeza.

Wiki moja kabla ya hapo, timu hiyo hiyo ilikuwa imefungwa nyumbani 17-7 na New Orleans Saints. Wiki moja baadaye, mbele ya San Francisco 49ers, mabeki wa Carolina walinasa pasi tatu za Brock Purdy, zawadi ambayo timu nyingi zingeibadilisha kuwa ushindi mnono. Young akatupa mbili kwa wapinzani na Carolina wakalala 20-9.

Novemba 30 akaifunga Rams 31-28 kwa tachidauni tatu. Mwisho wa Desemba, dhidi ya Seattle Seahawks, alipata yadi 54 tu za pasi mechi nzima. Hamsini na nne. Kuna wapokeaji wanaopata hizo kwa pasi moja.

Jumla ya msimu ni yadi 3,011 katika mechi 16, wastani wa 188 kwa mechi. Kwa ligi ya sasa, ambayo kila sheria inampendelea anayerusha, huo ni wastani wa chini kwa mtu anayetaka kulipwa kama staa.

Kambi hii inaongeza kwamba ushindi mwingi wa Carolina ulibebwa na wengine. Walipotoka nyuma 17-0 na kuilaza Miami Dolphins 27-24, Rico Dowdle alikimbia na mpira yadi 206. Wiki iliyofuata akaikimbiza Dallas yadi 183. Green Bay waliangushwa 16-13 kwa mpira wa mguu wa Ryan Fitzgerald sekunde za mwisho. Hata ile tachidauni ya Coker iliyoleta uongozi dhidi ya Rams ilianzia kwa Isaiah Simmons kuzuia mpira uliopigwa na wapinzani.

Na kuna ukweli unaouma: Carolina walimaliza na ushindi 8 na vipigo 9. Walifungwa 16-14 na Tampa Bay Buccaneers wiki ya mwisho, wakakaa kwenye televisheni kuiombea Atlanta iifunge New Orleans. Atlanta ikafanya hivyo, timu tatu zikalingana kwa 8-9, na Carolina wakapita kwa matokeo ya wao kwa wao. Bingwa wa kundi, ndiyo. Aliyepita mlango wa uani.

MABAKI YANAYOGEUKA DHAHABU
Kuna jambo linalopaswa kuwafanya mabosi wa Carolina wafikiri mara mbili kabla ya kumkatia tamaa mtu.

Wiki mbili za mwisho za msimu wa kawaida waliwafunga makwotabeki wawili: Sam Darnold wa Seattle na Baker Mayfield wa Tampa Bay. Wote wawili walikuwa Carolina mwaka 2022. Mayfield aliachwa Desemba ya mwaka huo. Darnold aliondoka msimu ulipoisha. Wote walichaguliwa juu kabisa kwenye drafti ya 2018, Mayfield wa 1 na Darnold wa 3, wote wakaitwa mizigo iliyoshindikana.

Mayfield alikwenda Tampa na kuipeleka kwenye mtoano. Darnold aliiongoza Minnesota kushinda mechi 14 msimu wa 2024, na sasa Seattle imemaliza ikiwa juu ya NFC nzima kwa ushindi 14 na vipigo 3. Hawakuota mikono mipya. Walipata kuta imara, makocha wanaoeleweka na wapokeaji wanaodaka. Huko Minnesota, Darnold alikuwa na Justin Jefferson.

Kwa hiyo shabiki wa Carolina anayesema "tumtupe Young tutafute mwingine" amewahi kuiona sinema hiyo mara mbili, na mara zote mbili aliyetupwa amerudi kuwafunga.

HESABU YENYEWE
Mwisho wa siku mjadala wote unaangukia kwenye pesa.

Young alisaini mkataba wa miaka minne wenye thamani ya karibu Dola milioni 38. Kwa kwotabeki hiyo ni bei poa. Kwa kanuni za ligi, klabu ilikuwa na hadi mwanzoni mwa Mei 2026 kuamua kama itachukua nyongeza ya mwaka wa tano, utakaochezwa 2027. Baada ya hapo linakuja lile zito: mkataba mrefu.

Soko halina huruma. Dak Prescott wa Dallas analipwa wastani wa Dola milioni 60 kwa mwaka. Msimu wa 2025 kila timu iliruhusiwa kutumia Dola milioni 279.2 kwa mishahara ya wachezaji wote. Mtu mmoja akichukua 60, ameondoka na zaidi ya moja ya tano ya chungu chote. Kinachobaki ndicho cha kununua ukuta, wapokeaji na mabeki.

Mfano wa kutisha upo New York. Giants walishinda mechi moja ya mtoano msimu wa 2022 wakiwa na Daniel Jones, wakapagawa, wakampa mkataba wa miaka minne wa Dola milioni 160. Novemba 2024 walimwacha aende zake. Walilipa bei ya jioni moja nzuri.

Lakini kuna bei ya katikati pia. Mayfield alisaini Tampa miaka mitatu kwa Dola milioni 100. Darnold naye Seattle miaka mitatu kwa Dola milioni 100.5. Hizo ni pesa za kwotabeki mzuri ambaye bado anatakiwa kuthibitisha, na zinaacha kitu mezani cha kulisha wengine.

Ukizitazama namba zote, jibu la busara kwa Carolina halipo kwenye kambi yoyote kati ya zile mbili. Kuchukua mwaka wa tano ni rahisi: kunanunua muda kwa kijana wa miaka 24 ambaye kila mwaka amekuwa bora kuliko uliopita. Kukimbilia mkataba wa mastaa baada ya msimu wa 8-9 ni kamari waliyoicheza Giants.

Na muda huo ukishanunuliwa, utumike. McMillan na Coker ni wawili, timu inahitaji watatu, na Legette anaingia mwaka wa tatu bila kisingizio cha ugeni. Ukuta nao umepasuka: Ikem Ekwonu, anayelinda upande wa kushoto, ambao kwotabeki wa mkono wa kulia hauoni vizuri, aliumia goti katika mechi hiyo hiyo ya Rams. Mabosi wakikosea hapo, Young atarudi kulekule kwa zile mara 62, na mwakani watu watabishana tena kuhusu mkono wake wakati tatizo lilikuwa mbele yake.

Biashara ya 2023 haiwezi kurudishwa. Moore alidakia Chicago, Williams anarushia Chicago, na kila Bears watakaposhinda mtu mmoja Charlotte atazima televisheni. Ila Young hakupanga ile bei. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha zile yadi 54 za Seattle hazijirudii, kwa sababu za Atlanta kila mtu ameshaziona.